Naombeni ushauri: Fodera, Sadowsky au Warwick kwa mpigaji besi wa Unguja?

BesiLaMjini
Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mimi napiga besi hapa mjini. Mwisho wa wiki nipo hotelini upande wa kaskazini, siku nyengine harusi, na taarab tukipata shughuli. Gitaa langu ni Yamaha la zamani, shingo ishapinda na nobu zinakwaruza kila masika ikiingia. Nimejinyima muda mrefu, sasa nnataka chombo cha maisha.

Nimebakiwa na majina matatu. Fodera ya Brooklyn, New York, wale walioanza 1983, ndio waliomtengenezea mpigaji besi Anthony Jackson besi la nyuzi sita. Sadowsky, kwa sababu ya mpigaji besi Marcus Miller, maana Roger Sadowsky ndiye aliyelifanyia kazi lile Fender Jazz lake la 1977. Na Warwick ya Ujerumani, kwa mbao zake. Napenda sana kugonga uzi, ule mlio wa kukata, lakini nnataka pia gitaa litakalotulia nyuma ya mwimbaji. Bajeti kama milioni kumi na moja, ushuru nitaubeba mwenyewe.

Usingizi sipati, nnaangalia video tu mpaka alfajiri. Lipi kati ya haya? Majibu ya haraka tafadhali.

MzeeWaGanuni
Wa alaykum salaam. Mwanangu, kama kweli unapiga taarab, jina la kiwanda halina kazi. Nunua besi lisilo na freti, vile vyuma vya shingoni. Ukiingia maqam ya rast au sika kuna sauti zinazokaa katikati ya freti na freti, na mwenye fidla anazipiga, mwenye udi anazipiga, wewe unabaki umemkanyaga. Enzi zetu palikuwa na lile besi kubwa la kusimama, mpigaji anatafuta sauti kwa sikio lake. Siku hizi kinanda kinafanya kila kitu na besi linapigwa mithili ya ngoma. Jaco Pastorius yule Mmarekani aling'oa freti za Fender lake, na hakuna aliyemcheka.

Vespa_ya_Kijani
Milioni kumi na moja 😂 Mimi nanunua Vespa mbili, moja nakodisha kwa watalii Paje, nyengine napandia kwenda kukusikiliza wewe ukipiga Yamaha.

UmmuSalim
Kaka, sikukatazi riziki yako. Lakini pesa hiyo kuna watu wameanzia msingi wa nyumba Fuoni. Gitaa halikai mtu ndani mvua ikinyesha. Na mkeo anajua bei?

BesiLaMjini
Bi UmmuSalim, ahsante. Anajua nnanunua gitaa.

Mzee wangu Ganuni, nimekusikia, ila hotelini watu wanataka regge na Bob, freti nazihitaji.

Naomba tubaki kwenye majina matatu jamani.

Zumari
Nijibu la majina, kisha nna suali.

Warwick: ile ya karakana ya Markneukirchen, si Rockbass ya China, ni gitaa zito na mlio wake una kifua. Mbao ya wenge kwenye shingo, ya bubinga kwenye mwili kwa baadhi ya modeli. Mbao nyingi hawazipigi vanishi, wanazipaka mafuta na nta, kwa hivyo kwa hewa yetu ya chumvi itabidi uwe mtu wa kupaka nta mara kwa mara. Na usitishwe na wanaosema bubinga haivuki mipaka. Iliingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, 2017 pamoja na jamii yote ya mpingo, lakini tangu mwisho wa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zimeondolewa kwenye kero hiyo.

Sadowsky: nyepesi begani, mwili wanautoboa vyumba kwa ndani. Priampu yao, kile kikuza sauti cha ndani ya gitaa, inaongeza chini na juu, katikati inabaki safi. Zile za New York ni ghali. Siku hizi kuna MetroLine zinazoundwa Ujerumani kwa Warwick hao hao, na bei inapumua. Mimi ningekwenda huko.

Fodera: kazi ya mkono, sina neno baya. Ila jipya kwa milioni kumi na moja sahau, la kuagiza linaanzia juu ya hapo. Kwa hiyo unazungumzia lililotumika.

Suali: hotelini unachomeka kwenye nini? Na kwa nini haraka?

BesiLaMjini
Nachomeka kwenye mikisa moja kwa moja. Amplifaya nitanunua baadae inshallah.

Haraka ni kwamba kuna Fodera moja la nyuzi nne, mgeni aliyewahi kushuka hotelini kwetu analiuza, yuko Ubelgiji. Dola 3,900. Picha nimeziona, liko safi sana.

Vespa_ya_Kijani
Fodera kwenye spika za DJ wa Nungwi. Nimekaa kitako.

Zumari
Ndugu yangu, hujajibu lote. Umeshatoa pesa?

BesiLaMjini
Nimetoa arbuni tu. Si nyingi. Dola 800. Mtu mwenyewe namjua, tumekula naye, amenipigia hata video ya simu akaliwasha. Namba ya usajili anayo. Kwa hiyo msinifanye mtoto mdogo, nilichotaka ni kujua kama Fodera linaishinda Sadowsky kwa mlio, basi.

Zumari
Sasa kwa nini uliuliza majina matatu wakati moja umeshalilipia?

Hiyo namba iandikie karakana yao Brooklyn, uwaulize gitaa hilo walimuuzia nani na lina mbao gani. Na muombe picha ya nyuma ya shingo, na ya mwili mzima likiwa limening'inizwa kwa mkanda. Uzito wa kichwa unaonekana hapo.

BesiLaMjini
Mkanda hautonisaidia, mimi nitalivaa kinyume.

Zumari
Kinyume vipi?

MzeeWaGanuni
Kinyume vipi mwanangu?

BesiLaMjini
Mimi ni wa shoto. Nimejifunzia magitaa ya watu, hayakuwa yangu kubadilisha nyuzi, kwa hivyo nageuza gitaa la kulia juu chini na nyuzi zinabaki kama zilivyo. Uzi mnene uko chini upande wa sakafu. Nimezoea, napiga vizuri kuliko wengi wenye mkono wa kulia. Sikuliandika kwa sababu kila nikilisema mazungumzo yanageuka, watu wanaanza habari za mkono wa kushoto.

AmiWaChake
Habari za mkono wa kushoto ndio habari yenyewe kijana! Mimi ni wa shoto. Skuli nilichapwa kwa kalamu, nyumbani nikachapwa kwa kijiko. Kula nakula kwa kulia, alhamdulillahi, lakini nyundo, shoka, kukoroga saruji, vyote shoto. Nilipokuwa na miaka ya ujana Wete nilitaka kujifunza udi, mwalimu akaniambia nenda ukapige dumbak, ngoma haina kulia. Nikaenda. Mpaka leo nikisikia udi roho inaniuma. Piga shoto yako, usiombe radhi mtu.

UmmuSalim
Ami pole 😂 Lakini suali la mke halijajibiwa.

Zumari
Hili lilitakiwa liwe mstari wa kwanza wa uzi wako.

Gitaa la kulia ukiligeuza, ile pembe ndefu ya juu inayoshika mkanda inakwenda chini. Kitufe cha mkanda itabidi kihamie pembe fupi au kisigino cha shingo, na shingo itakuwa inaanguka mkononi usiku kucha. Nobu zote zinakuja juu, chini ya mkono wako wa kupigia: ukikolea kwenye wimbo unajizimia sauti mwenyewe. Na lile pengo refu lililochongwa ili mkono ufike freti za juu linakuwa upande usiokufaa. Hayo yote unayavumilia kwenye Yamaha la bure. Kwenye dola 3,900 unanunua ufundi wa watu kisha unautoboa tundu jipya la skrubu?

Chako ni mwili wa shoto, nyuzi zikae kama za kulia. Mpigaji besi Jimmy Haslip aliyekuwa bendi ya Yellowjackets ni wa shoto na nyuzi hakuzigeuza, na amefika. Sadowsky, Warwick na Fodera wote wanaunda shoto ukiagiza. Unawaambia tu kipande cha mfupa cha pale juu kichongwe kwa nyuzi za kulia. Utasubiri, na siku ukitaka kuuza mnunuzi ni shida, lakini wewe umesema chombo cha maisha.

Au tafuta gitaa lenye mwili sawa pande zote. Paul McCartney wa Beatles ni wa shoto, na lile Höfner la umbo la fidla alilolinunua Hamburg 1961 alilipenda kwa sababu hiyo, likigeuzwa halionekani kituko. Steinberger la kaboni nalo halina pembe wala kichwa, na unyevu wa hapa halijui. Ila nyuzi zake zina vifundo ncha mbili, Unguja hii utazipata wapi.

BesiLaMjini
Shingo kuanguka nimezoea, naishika. Nobu naweka mlio mmoja nasahau. Freti za juu sizitumii, mimi ni mtu wa chini. Zumari unajua mengi lakini mikono ni yangu.

SandukuMoja
Nyinyi mnabishana habari za Brooklyn, mimi napiga sanduku kwenye kidumbaki. Kasha la chai, fimbo, uzi mmoja. Kulia au shoto unachagua unaposimama. Freti hamna, Mzee Ganuni atafurahi. Bibi harusi hajawahi kuniuliza limetengenezwa wapi.

Mbishi_wa_Barza
Samahanini, hii ni chai.

Kwenye ujumbe wa mwanzo anasema anapenda "kugonga uzi". Watu wote wanagonga uzi mnene kwa gumba, kwa sababu uko juu. Baadae uzi mnene uko chini, upande wa sakafu. Sasa unaugonga kwa gumba gani, la mguu? Mtu alianza na hadithi moja, alipobanwa akaleta nyengine. Na huyo Mbelgiji "tumekula naye" simuamini pia. Uzi unaofuata atatuomba tuchange zilizobaki.

Vespa_ya_Kijani
Chai na mkate wa kumimina kabisa. Nilikuwa nahisi.

UmmuSalim
Ndio maana hajibu la mke, mke hayupo!

BesiLaMjini
Wallahi nimechoka. Hakuna nilipomuomba mtu pesa. Nimeandika kugonga, neno gumba umelileta wewe. Mimi vidole viwili vinagonga uzi mnene kutoka chini, gumba ndilo linalovuta nyembamba juu. Mlio ni mmoja. Mke yupo, yuko hapa ananiuliza nnacheka nini na simu, na sicheki.

Mbishi_wa_Barza
Weka video.

BesiLaMjini
Siweki sura yangu kwenye jukwaa la watu wanaoniita muongo.

Mbishi_wa_Barza
Basi weka mikono tu. Chai.

AmiWaChake
Mwacheni kijana. Hata kama ni hadithi, imenikumbusha udi wangu.

SandukuMoja
Mimi sijui habari za Ubelgiji. Lakini kuna harusi moja Kwahani niliona mtu wa besi gitaa limegeuka, nobu zinatazama dari, na mkanda kaufunga kwa kamba ya viatu kwenye shingo. Watoto walikuwa wanamcheka. Mimi sikucheka kwa sababu besi lilikuwa linakwenda. Kama si huyu basi wako wawili.

Zumari
Awe yeye au si yeye, mwenye shoto mwengine atausoma uzi huu. Kwa huyo, na kwa BesiLaMjini: muandikie muuzaji leo kabla hajalipeleka kwa msafirishaji. Muulize kama arbuni inarudi au angalau nusu yake. Kama hairudi, dola 800 zimekwenda na 3,100 bado unazo mfukoni, hiyo ni mwanzo wa MetroLine ya shoto, au iliyotumika. Kamba ya viatu uiwache.

BesiLaMjini
Kamba ilikuwa ya dharura, kitufe kilikatika siku ile.

Nimemuandikia. Sijasema sinunui. Nimemuuliza tu kama anaweza kusubiri.

Mbishi_wa_Barza
Ehee, kumbe Kwahani ulikuwepo. Haya. Bado nataka kuona mikono.

MzeeWaGanuni
SandukuMoja, nimesikia kuna fundi wa ala upande wa Kwerekwe anachonga mifupa ya nyuzi na kunyoosha shingo. Unamjua? Udi wangu umepasuka kifua tangu kaskazi, na mkononi sina hata laki.