Tupeane uzoefu: tarehe ya kifo na ya mazishi zikigongana, unatatuaje?

Wanaokusanya habari za koo zao, tuwekeane mbinu hapa. Kibao cha kaburi kina tarehe yake, cheti cha kifo kina yake, na daftari la bibi lina ya tatu. Anayejua sababu aeleze, anayejua dawa aitoe.

Mdau, Unguja
Tofauti ikiwa siku moja, ulizia kwanza saa ya kifo. Kwa Waislamu siku mpya huingia jua likizama. Aliyefariki Alhamisi baada ya magharibi, wazee watasema amekufa usiku wa Ijumaa, na kwa Hijria ndivyo itakavyoandikwa. Hospitali itaandika Alhamisi. Wote wamesema kweli. Kosa huja pale mjukuu anaposikia "usiku wa Ijumaa" akaandika Ijumaa usiku. Maziko yalikuwa Ijumaa baada ya sala, kwa hiyo marehemu anaonekana amezikwa kabla hajafa! Hapo rudisha kifo Alhamisi, maziko usiyaguse.

Saa nazo zina mtego. "Saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi" ni 2:00 ya Jumamosi kwa saa za kizungu. Karani akiigeuza kuwa 8 ya jioni, yaani 20:00, kifo kinarudi Ijumaa.

Mdau, Mombasa
Naongezea Hijria. Programu nyingi za kubadili tarehe hutumia jedwali la hesabu, ilhali waliochonga kibao walifuata mwezi ulioonekana kwa macho. Chukua 1 Muharram 1400: Makka ilikuwa Jumanne, 20 Novemba 1979, lakini jedwali la kawaida linakupa tarehe 21. Kila ukibadilisha, andika kwamba jibu linaweza kusogea siku moja mbele au nyuma. Kibao kikiwa na jina la siku, lifuate hilo. Watu husahau namba lakini hawasahau kwamba ilikuwa Ijumaa.

Na mwaka pekee usiugeuze kuwa mwaka mmoja wa Miladi. 1320 Hijria ilianza Aprili 1902 ikaisha Machi 1903. Kibao chenye "1320" tu kinaingia kwenye miaka miwili.

Mdau, Moshi
Huku bara pengo la wiki nzima si kosa. Mtu amefia mjini, mwili umekaa mochwari, ndugu wamesubiriwa, kisha safari ya kwenda kuzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Kinachotakiwa ni kuandika mahali pawili, pa kifo na pa mazishi, maana anayeona tarehe tupu atadhani moja imekosewa.

Kwenye vitabu vya misheni vilivyoandikwa Kilatini, tarehe iliyo pembeni mara nyingi ni ya mazishi. Ya kifo itafute ndani ya sentensi. Angalia sana vifupisho: 7bris ni Septemba wala si Julai, 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Hapo ndipo huzaliwa pengo la miezi miwili kamili. Ukiliona pengo la aina hiyo, rudi kwenye kitabu chenyewe, usitegemee nakala iliyochapwa.

Mdau, Bagamoyo
Kuna watu waliozikwa zaidi ya mara moja, na fomu nyingi za ukoo zina nafasi moja tu. Dkt. Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Kaburi lake Westminster Abbey linasema 1 Mei 1873, lakini mti aliouchonga mfuasi wake Jacob Wainwright pale ulipozikwa moyo wake ulikuwa na 4 Mei. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliufikisha mwili Bagamoyo Februari 1874, ukazikwa London 18 Aprili. Andika maziko mawili, ya moyo na ya mwili, na ile 4 Mei ibaki pamoja na chanzo chake bila kuifanya ya kifo kwa kubahatisha. Vivyo hivyo kwa makaburi yaliyohamishwa, kama yale ya Vita vya Kwanza yaliyoondolewa Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1968 kupisha barabara.

Mdau, Dar es Salaam
Cheti kina tarehe tatu: ya kifo, ya kusajiliwa na ya kutolewa. Wanaonakili haraka huchukua ya chini kabisa. Sheria ya Bara inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, lakini wengi husajili baada ya miaka, mirathi inapoanza, na tarehe hutajwa kwa kumbukumbu. Hapo kibali cha mazishi kilichoandikwa siku zile zile kina uzito zaidi. Ukikuta 1 Januari, shuku kwamba imekisiwa.

Tangazo la gazeti likisema "jana", uliza jana ya lini: ya kuandika au ya kuchapwa?

Mdau, Tanga
Mkikosa karatasi, tafuteni tarehe ya arobaini. Kwanza ulizeni familia huhesabu kuanzia kifo au maziko, na kama siku ile ya kwanza imo. Ikiwa imo, rudi nyuma siku 39, si 40.

Kwenye kumbukumbu msifute tarehe iliyoshindwa. Andikeni kila moja na mstari wake: nani aliisema, lini, alikuwepo au alisimuliwa. Mkishindwa kuamua, "kati ya 12 na 14 Machi" ni jibu kamili, na atakayepata kibali cha mazishi baadaye ataona pa kuanzia.