Ganda la peptidi hufunikwa na protini za damu: nifanyeje?

Mwanafunzi wa Famasia, Upanga
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu nanochembe (chembe ndogo mno) za kubebea dawa ya saratani, nami nimezivisha peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, iitwayo RGD (ajinini, glaisini na asidi ya aspatiki), ambayo hushikana na integrini, protini za kwenye uso wa seli zinazopatikana kwa wingi kwenye mishipa michanga ya damu inayolisha uvimbe. Katika majaribio ya awali seli zilizimeza chembe hizo vizuri sana, lakini nilipoongeza seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli), tofauti kati ya chembe zilizovishwa na zisizovishwa ilikaribia kutoweka. Je, nimekosea katika kuziunganisha, au tatizo ni peptidi yenyewe?

Mwalimu wa Baiokemia, Mbezi
Mwanangu, matokeo hayo yasikuvunje moyo, kwa sababu yamekuonyesha jambo ambalo wengi hulikuta wakiwa wamekwisha kufika kwa wanyama. Chembe inapoingia kwenye damu, albumini, fibrinojeni, kingamwili na protini nyingine huigandamia mara moja, na peptidi yako hubaki chini yake kama jina la kituo kwenye kioo cha daladala lililofunikwa na tope la masika: gari linakwenda Mbagala, lakini abiria hawezi kulisoma. Baadhi ya protini hizo, hasa zile za komplementi, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili, huziita makrofaji, yaani seli zinazomeza vitu vigeni, za ini na bandama, na chembe huishia huko.

Kwa hiyo ganda linahitaji kazi mbili, na ya kwanza ni kuzuia protini zisigande. Polietilini glaikoli, polima inayopenda maji, imetumika kwa kazi hiyo tangu zamani; Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hubeba dawa ya saratani iitwayo doksorubisini ndani ya liposomu (vifuko vidogo vya mafuta) zilizovishwa nayo. Hata hivyo, miili ya baadhi ya watu hutengeneza kingamwili dhidi ya polima hiyo. Ningekushauri ujaribu peptidi yenye asidi amino mbili zinazopishana, laisini (chaji chanya) na asidi ya glutamiki (chaji hasi), kwa kuwa chaji chanya na hasi zilizo jirani hushika maji kwa nguvu, na protini hukosa mahali pa kujishikiza. Kazi ya pili, kushikana na integrini, ni ya RGD, kwa hiyo ikae kwenye ncha ya nje.

Mfamasia wa Hospitali, Temeke
Ninakubaliana na Mwalimu, ila naomba tusiahidi kupita kiasi. Uchambuzi wa tafiti za miaka 10, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kwa thamani ya kati (median) ni asilimia 0.7 tu ya dozi ya nanochembe iliyofika kwenye uvimbe wa wanyama wa majaribio. Kwa mgonjwa ninayemhudumia, faida ya Doxil imekuwa zaidi katika kuupunguzia moyo madhara ya doksorubisini, na hiyo si faida ndogo. Pima pia kiasi kinachokwenda kwenye ini, si kwenye uvimbe peke yake.

Mwanafunzi wa Famasia, Upanga
Shikamoo Mwalimu, na asante sana, Mfamasia. Nitarudia jaribio ndani ya seramu tangu siku ya kwanza. Je, nitumie peptidi gani kama kilinganishi, yaani ya kulinganisha na RGD?

Mwalimu wa Baiokemia, Mbezi
Marahaba. Tumia RGE, ambayo asidi ya aspatiki imebadilishwa kuwa ya glutamiki. Ukubwa na chaji hubaki karibu vilevile, lakini integrini haziishiki ipasavyo. RGD na RGE zikimezwa sawasawa, basi kilichoziingiza kwenye seli si integrini.