MJADALA: Mlinzi wa parke ya sokwe ya Kahuzi-Biega abebe bunduki ya aina gani?

Mwana Kadutu ameandika:

Ndugu zangu wa Bukavu, Kabare na Kalehe, najua wengine watasema huu si wakati wake. Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, na msituni kuna watu wenye silaha wa kila jina. Lakini silaha za walinzi wa parke huwa zinaamuliwa mbali na sisi, kisha tunaoishi kandokando ya msitu ndio tunaosikia milio. Kwa hiyo nalileta swali sasa, kabla hawajatuletea jibu.

Msimamo wangu ni huu. Mlinzi anayefanya doria upande wa vijiji, kuanzia Miti na Bugobe hadi Tshivanga, kwenye kituo kikuu cha parke, apewe bunduki nyepesi ya nusu-otomatiki: ukivuta mara moja, inatoka risasi moja, basi. Kalashnikov na zote zinazomwaga risasi zikae kituoni chini ya kufuli, kwa ajili ya kikosi cha dharura.

Tuanze na mtu ambaye mlinzi anakutana naye. Ndani sana, upande wa Nzovu, anaweza kukuta kundi lenye silaha. Lakini huku kwetu juu anamkuta mchoma makala, mama wa kuni, kijana aliyekata mianzi, Mbatwa, mwenyeji wa asili wa msitu, anayetafuta mizizi ya dawa. Mwaka 2017 kijana wa Kibatwa aliyeingia na baba yake kutafuta dawa aliuawa kwa risasi za walinzi. Hakuna aliyesahau huku.

Sasa itazame Kalashnikov yenyewe. Upande wa kulia kuna kichuma kirefu. Kikiwa juu kabisa, bunduki imefungwa. Ukikishusha hatua ya kwanza, inamwaga. Ukikishusha hadi chini, ndipo inapiga moja moja. Walioiunda walikuwa na hesabu zao za vita, lakini kwa mlinzi aliyeshtuka gizani, kidole kikaishia katikati, tayari yuko kwenye kumwaga. Kwa mwendo wa risasi 600 kwa dakika, magazini ya 30 inakwisha ndani ya sekunde 3. Ya kwanza labda itafuata alikolenga. Zinazofuata mtutu unapanda, zinapita kwenye mianzi, na nyuma ya mianzi kuna shamba la mtu.

Halafu uzito. AKM, Kalashnikov ile ya 1959, ina kilo 3.1 bila magazini, na magazini moja ya chuma iliyojaa inakaribia gramu 800. Mlinzi mwenye magazini nne amebeba zaidi ya kilo 6 kabla hajaweka maji, redio, chakula na turubai. Zile nyepesi ninazosema, bunduki za Kimarekani za familia ya AR-15, zinazotumia risasi ya milimita 5.56 zina kama kilo 2.9, na magazini yake iliyojaa ni karibu nusu kilo. Ukijumlisha, tofauti inakaribia kilo moja na nusu. Wanaoujua mteremko wa Kahuzi, mlima wa mita 3,308, matope hadi magotini, wanaelewa kilo moja na nusu ni nini saa nane mchana. Ni maji ya kutosha, au ni sanduku la dawa ambalo leo linaachwa kituoni.

Wala si wazo geni. Marekani katika Vita ya Pili ya Dunia waliunda karabini, yaani bunduki fupi nyepesi, ya M1, kilo 2.4 hivi, ya kupiga moja moja, kwa madereva, wapishi, watu wa redio: watu ambao kazi yao haikuwa mstari wa mbele ila wangeweza kukutana na adui. Walitengeneza zaidi ya milioni 6. Mlinzi wa parke kazi yake ni kutembea, kuhesabu sokwe, kung'oa mitego. Anafanana na hao kuliko na mwanajeshi wa shambulio.

La mwisho, na kwangu ndilo zito: risasi ya Kalashnikov, milimita 7.62 kwa 39, inaingia kwenye bunduki ya kila kundi la Kivu. Ikipotea ghalani, kesho iko msituni. Ya aina nyingine haina soko kubwa hivyo kwao.

Mzee wa Kavumu amejibu:

Mwanangu, umesema vizuri, lakini unamhesabia mlinzi kana kwamba adui ataleta fimbo. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo kule parke ya Virunga, walinzi 12 waliuawa siku moja. Uwaambie wajane wao kwamba bunduki inayomwaga ibaki chini ya kufuli! Kikosi chako cha dharura kitatoka Tshivanga saa ngapi kufika Nzovu? Tena hizo nyepesi zinataka usafi. Wamarekani wenyewe M16 za mwanzo, za familia hiyo hiyo ya AR-15, ziliwakwamia Vietnam. Kalashnikov unaizamisha kwenye tope la Bunyakiri, unaikung'uta, inalia.

Mama wa Bugobe:

Mnapima kilo za bunduki, mimi napima ardhi. Parke ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975 kutoka kilomita za mraba 600 hivi hadi 6,000, na Wabatwa waliokuwa ndani walifukuzwa bila kupewa kitu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake 2024 kwamba serikali ilivunja haki zao, na ikataka warudishiwe ardhi. Uamuzi huo ukitekelezwa, hao mnaokutana nao msituni hawatakuwa wezi tena. Risasi moja inaua kama thelathini, baba.

Kijana wa Panzi:

Mimi nauliza: kama hizo nyepesi ni nzuri hivyo, kwa nini wakulima wasipewe pia? Nani anatulinda usiku?

Mwana Kadutu:

Kijana, hapo hapana. Kongo ilitia sahihi Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo, na itifaki hiyo inakataza kabisa raia kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu-otomatiki. Hata bila karatasi, angalia historia yetu: kila kijiji kilichopewa bunduki za kujilinda kimeishia na kundi lenye jina na kizuizi cha barabarani cha kutoza mama wa soko. Katanga watu walipewa baiskeli ili warudishe bunduki. Sitaki tuzisambaze leo ili kesho tutafute baiskeli.

Mama wa Bugobe, nakubaliana nawe kuhusu ardhi, na uamuzi ule utekelezwe. Lakini kesi za ardhi huku zinachukua miaka, na doria zinatoka asubuhi. Thelathini zinaua waliolengwa na wasiolengwa. Mimi natafuta kupunguza hao wa pili wakati tunasubiri.

Mzee, hoja yako ya Nzovu imenifanya nifikirie. Umbali ni kweli, na nyanda za chini si sawa na huku juu: kule doria ibaki na silaha zake za sasa. Kuhusu tope, ndiyo, nyepesi zinataka kitambaa, brashi na mafuta kila jioni. Basi kitambaa, brashi na mafuta viandikwe kwenye bajeti, na wafadhili wanaonunua magari ya parke wavilipie pia. Lakini mjane wa Rumangabo na mama wa yule kijana wa 2017 wote wawili wana haki kwetu.

Kwa hiyo nikupe hesabu uijibu, wewe unayeijua njia ya Tshivanga. Doria ya watu watano, upande wa vijiji, mchana. Wanne nusu-otomatiki. Kiongozi peke yake abebe inayomwaga, risasi zake zihesabiwe akitoka na akirudi, mbele ya mtu mmoja wa kijiji. Wewe ungeweka wangapi?