PulseAudio (programu inayosimamia sauti kwenye Linux) inakula prosesa: nihamie PipeWire au nitumie JACK (mbadala wake), au ninunue laptopu nyingine?

Fundi_Kirumba: Wakuu habari. Tunarekodi kwaya kwa Linux. Biti inapigwa na kicheza muziki VLC, waimbaji wanarekodiwa kwenye programu ya kurekodi Ardour. Nikitazama `top` (orodha ya programu zinazotumia prosesa), pulseaudio peke yake iko asilimia 35 mpaka 40, sauti inakatakata. Kuna laptopu iliyotumika nauziwa hapa mjini na muuzaji anataka jibu Ijumaa. Nifanye lipi?

Nansio: Linux ipi? Prosesa gani? Kadi ya sauti ni ya ndani au ya USB? Hujasema hata kimoja. Tupe majibu ya `pactl list short sinks` (kadi iko kasi gani ya sampuli) na `grep resample /etc/pulse/daemon.conf` (njia inayotumika kubadilisha kasi hiyo).

Ngosha_Linux: Maswali ya nini? Ahamie PipeWire. Fedora iliihamia tangu toleo la 34, Ubuntu tangu 22.10. PulseAudio imeshazeeka.

Kijana_Nyegezi: Ongeza RAM kwanza.

Nansio: RAM haihusiki hapa. Ukikosa RAM utaona diski inahangaika, si pulseaudio kupanda.

Fundi_Kirumba: Ubuntu 22.04, Core i3 ya zamani, maiki ziko kwenye kadi ya USB. Kadi ya ndani inasoma 48000Hz RUNNING. Grep imeleta `resample-method = src-sinc-best-quality`. Aliyenisetia alisema inasafisha sauti.

Nansio: Mchawi ndiye huyo. Biti ikiwa MP3 ya sampuli 44100 kwa sekunde na kadi iko 48000, kila sampuli inakokotolewa upya, na hiyo ndiyo njia nzito kuliko zote. Weka `speex-float-1`, kisha `pulseaudio -k`, itajiwasha yenyewe. Tofauti huisikii kwenye spika za kawaida. Halafu mbona biti iko VLC? Iingize ndani ya Ardour: itabadilishwa mara moja tu wakati wa kuingia, na PulseAudio itabaki haina kazi.

Bukoba_Maiki: Na kwa nini PulseAudio iwepo kabisa? JACK: `jackd -d alsa -d hw:1 -r 48000 -p 256 -n 3`. Namba ya kadi utaiona kwa `aplay -l`. Kadi za USB zinapenda `-n 3`.

Ngosha_Linux: Ardour inaongea na ALSA (mfumo wa sauti wa Linux yenyewe) moja kwa moja siku hizi, JACK ya nini? PipeWire ina `pw-top`, unaona nani anakula na nani anaongeza ERR (makosa).

Bukoba_Maiki: Kwenye 22.04? Matokeo yake nayajua. Mtu anaweka pipewire-pulse (sehemu ya PipeWire inayoshika nafasi ya PulseAudio), anaacha PulseAudio inawaka, zote mbili zinagombea kadi. Lazima u-mask (uzuie zisiwake) `pulseaudio.service` na `pulseaudio.socket`.

Musoma_Studio: Angalieni na bafa (idadi ya sampuli zinazokusanywa kabla ya prosesa kuzishughulikia). Ukiweka 64 kwa 48000, prosesa inaamshwa mara 750 kwa sekunde. Ukiweka 1024 ni mara 47 hivi. Kurekodi kwaya weka 1024, na kwa kuwa bafa kubwa inachelewesha sauti, waimbaji wajisikie kupitia kadi yenyewe. Halafu kuna tatizo moja linalosumbua watu siku nzima: mradi una reverb (mwangwi) kila treki, waimbaji wakiimba prosesa imetulia, wakinyamaza inapanda mpaka sauti inapasuka. Watu wanabadilisha waya, kerneli (moyo wa Linux), mpaka kadi. Kumbe mkia wa reverb ukififia namba zinakuwa ndogo mno, na prosesa nyingi huzikokotoa polepole. Kwenye mipangilio ya Ardour tafuta denormal (jina la namba hizo ndogo), chagua zifanywe sifuri. Plagini (programu za nyongeza kama reverb) nyingine zina kinga yake, nyingine hazina.

Kijana_Nyegezi: Na joto la huku je? Feni ikijaa vumbi prosesa inajipunguza kasi.

Nansio: Hilo kweli. Pima joto kwa `sensors` wakati wa kurekodi. Pia `cpupower frequency-info`; kama governor (kanuni ya kasi ya prosesa) ni powersave, jaribu performance.

Fundi_Kirumba: Nimebadilisha resample, pulseaudio imeshuka chini ya asilimia 5. Ila Ardour bado inakata mara mojamoja. Laptopu ya muuzaji ni i5 yenye U mwishoni.

Ngosha_Linux: U ya kizazi gani? Nyingine zina kori mbili tu kama hiyo i3 yako.

Fundi_Kirumba: Nitamuuliza. Na huu mvumo kwenye maiki nikichomeka chaja, nao ni PulseAudio?

Bukoba_Maiki: Hapana, huo ni umeme. Ukichomoa chaja unaisha?