Naomba ushauri: mzizi wa dandelioni unasafisha ini kweli?

Msukuma_Ughaibuni: Wakuu, habari zenu. Niko Brussels, mwaka wa 3 sasa. Huku kuna ua la njano limejaa kila bustani, dandelioni. Jirani yangu, bibi mmoja Mbelgiji, anachimba mizizi yake, anaikausha na kuikaanga hadi inakuwa nyeusi kama kahawa. Kanigawia, nakunywa vikombe 3 kwa siku, wiki ya 2 hii. Eti inasafisha ini? Dozi iweje? Usiku silali.

Kigingi: Kwa Kifaransa mmea huo ni pissenlit, yaani kojoa kitandani. Hulali kwa mawazo au kwa safari za chooni? 😂

Mama Shufaa: Mwanangu, dawa ni mwarobaini. Marehemu bibi yangu Pangani alituchemshia wajukuu wote, uchungu mpaka masikio yanalia, na ukitema unaongezewa. Nyie mmefika Ulaya mnakunywa magugu.

Daktari_Mtarajiwa: Mkojo ni kweli, hasa kwa majani. Mzizi una inulini nyingi, aina ya nyuzinyuzi za chakula, si sumu. Kusafisha ini ndiyo hakuna ushahidi wa maana kwa binadamu. Nani kakwambia ini lako chafu?

Msukuma_Ughaibuni: Maumivu kidogo tu, mbavu za kulia, nikila chipsi.

Daktari_Mtarajiwa: Ultrasaundi ulipiga?

Msukuma_Ughaibuni: Ndiyo... Wameona mawe kwenye mfuko wa nyongo. Wakanipa tarehe ya upasuaji, nimeahirisha. Msianze kunisema. Bibi ana miaka 84, anakunywa tangu utotoni.

Daktari_Mtarajiwa: Bibi ana mawe? Mzizi huo unachochea nyongo kutoka. Jiwe likiziba mrija utageuka njano kama hilo ua. Hata Kommission E, kamati ya wataalamu ya Ujerumani iliyopitia mitishamba na kuikubali mingi, iliukataza kwa mrija wa nyongo ulioziba. Mwenye mawe amuulize daktari kwanza. Ukipata homa au macho ya njano, nenda hospitali usiku huohuo.

Mzee_wa_Ushahidi: Subirini kwanza. Huyu mwezi wa 2 alikuwa Arusha anatafuta gari la mkononi. Leo ana miaka 3 Brussels? Kesho atamwaga namba ya simu, pakiti elfu 30. Hii ni chai.

Kigingi: Chai ya mizizi.

Msukuma_Ughaibuni: Gari nilikuwa namtafutia mdogo wangu! Siuzi kitu.

Mama Shufaa: Mie nyongo nilishatolewa. Matundu 4 madogo, wiki haijaisha napika ubwabwa. Piga simu uombe tarehe nyingine.

Msukuma_Ughaibuni: Matundu tu, mama? Hawakupasui tumbo lote? Basi kesho nawapigia. Ila kikombe cha leo nimeshachemsha, nimwage?