Mjadala: DJ wa filamu akinyamaza, hadithi bado inashika watu?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Najua nitashambuliwa, ila ngoja niseme. Kila siku tunaambiwa hadithi nzuri ni nzuri popote, iwe redioni, gazetini au kwenye skrini. Nakataa. Ingia kibanda umiza chochote, hivi vibanda vya kuonyesha video, Jumamosi mchana. Mkanda wa Hong Kong wa enzi hizo, picha ina mikwaruzo, na watu wamejaa mpaka mlangoni. Ondoa sauti ya DJ, yule anayetutafsiria na kutusimulia filamu kwa Kiswahili, uone kama hawatadai hela yao. Enzi za Derek Mukandala, yaani Lufufu, aliyeanza kwa kutafsiri mbele ya watazamaji kabla ya kurekodi kwenye kaseti, watu tulikuwa tunaomba "mkanda wa Lufufu". Nani kacheza, hakuna aliyejali.

Chukulia kipande kimoja. Steringi anapokea barua. Kamera inaonyesha herufi za Kichina sekunde mbili tu. DJ anaisoma barua nzima: salamu za shangazi, deni la mahari, ng'ombe aliyekufa, halafu ndipo tunaambiwa baba kauawa. Kibanda kizima kimya. Sasa hiyo hadithi ni ya nani? Ya mwongozaji wa Hong Kong au ya huyu wa kwetu? Nasema kinachoshika watu ni mdomo wa msimulizi. Mengine kisingizio. Nawasilisha.

Mwenye kibanda (mstaafu)
Mkuu, wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, mimi nilikuwa mlangoni nakusanya hela. DJ mkali nimemwona akipewa mkanda wa kesi mahakamani, watu wanaongea mezani saa nzima. Alitia vichekesho, akatukana mawakili, wapi! Vijana walitoka mmoja mmoja kwenda kucheza draft. Wiki ileile, DJ yuleyule, mkanda wa yatima anayetafuta aliyemuua mwalimu wake, hata pa kusimama hapakuwepo.

Na sikiliza anachouliza mtu aliyechelewa. Haulizi jina la filamu wala DJ nani. Anauliza, "Steringi yupi? Kafanywa nini?" Akishajua nani kaonewa na nani kamwonea, anakaa mpaka deni lilipwe. DJ hawezi kulitengeneza deni hilo. Analikuta humo ndani.

Mdau wa Nakuru
Huku Kenya DJ Afro alitoka kwenye vibanda vya video akafika mpaka kwenye simu zetu, na Uganda wana VJ Jingo anayetia Kiluganda. Skrini imekuwa ndogo kama kiganja na bado tunacheka palepale. Mimi niko na mleta mada. Filamu ileile nikiiwekewa na maandishi ya Kiingereza naizima.

Hakimiliki kwanza
Mnasifia wizi tu hapa. Mwenye filamu alilipwa nini?

Mleta mada
Hoja nzito hiyo mkuu, ifungulie uzi wake. Hapa tunaongelea kwa nini watu hawakutoka.

Mzee wa mawimbi
Vijana, mnaongea kana kwamba mambo yalianza na deki. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Hapakuwa na picha wala DJ wa kukufafanulia. Palikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu, mkewe. Mchezo ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI, na kila mtu alijua hivyo. Kwa kawaida kipindi cha kufundisha, watu hukizima wakaenda kuota moto. Huu hawakuuzima.

Kwa nini? Kwa maoni yangu, kwa sababu Mkwaju alikuwa anafurahisha. Waandishi hawakumfanya shetani tangu siku ya kwanza. Alikuwa na maneno matamu, ana hela, unampenda huku unamwona anakwenda shimoni. Na Tunu hakuwa malaika wala mpumbavu. Alikuwa anasitasita, leo anavumilia, kesho anataka kuanzisha biashara yake. Msikilizaji alikuwa na kazi ya kufanya katikati ya vipindi: kubishana na mwenzake kama Tunu aondoke au abaki. Ubishi wa siku mbili tatu, kisha redio inafunguliwa tena. Mkwaju alipopata UKIMWI, watu walikuwa wameshakula naye njiani muda mrefu, ndiyo maana iliuma.

Tena jambo lile lilipimwa. Kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo mpaka 1995, saa hizo kikiweka vipindi vingine, ili watafiti walinganishe. Kulikosikika Twende na Wakati, watu walijiunga na uzazi wa mpango zaidi na kupunguza wapenzi. Redio ilikuwepo kote. Hadithi ndiyo haikuwepo Dodoma.

Mleta mada
Shikamoo mzee. Umethibitisha kwamba mchezo ulifanya kazi. Hujathibitisha kwamba sauti haikufanya kazi. Huyo Mkwaju mwenye maneno matamu, utamu wake ulikuwa kooni kwa mwigizaji. Mpe karatasi ileile mtu anayesoma kama taarifa ya hali ya hewa tuone kama utampenda.

Mzee wa mawimbi
Marahaba. Sauti itakufanya ufungue redio leo. Kukurudisha Ijumaa ni kazi ya lile ambalo hujalijua bado.

Msomaji wa simu
Mzee kamaliza. Mimi nasoma hadithi za kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwandishi anaandika vibaya, herufi kubwa hajui ziwekwe wapi, sauti hakuna kabisa. Anaachia sehemu ya kumi mlango ukigongwa usiku, kisha: "Inayofuata tuma buku." Nimetuma. Sio mara moja.

Mpenda historia
Niongeze la zamani. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu Vugiri, huko Usambara, wakizungusha lori la sinema vijijini Afrika Mashariki na Kati. Filamu nyingi zilikuwa za mafunzo, maelezo yakitoka kwenye santuri. Baadaye kitengo cha filamu cha makoloni kilishika imani kwamba Mwafrika hafuati picha zinazokatwa haraka, basi kila kitu kiende polepole. Kufika miaka ya 1970, watu haohao wakawa wanafuata ngumi za Bruce Lee bila tatizo. Kasi haikuwa shida kamwe. Nani atakaa kutazama kilimo bora ambacho hakuna mtu anayepoteza chochote?

Na mleta mada, Japani walikuwa na DJ wao enzi za filamu bubu, wakiitwa benshi. Walisimama pembeni ya skrini, wengine wakawa na majina makubwa kuliko waigizaji. Miaka ya 1930 filamu zenye sauti zikawaondoa. Watazamaji hawakuondoka nao.

Mleta mada
Hawakuondoka kwa sababu skrini yenyewe ilianza kusema Kijapani! Sauti ilihama tu kutoka pembeni kuingia ndani.

Mpenda historia
Na filamu za Marekani? Hizo walizisoma kwa maandishi chini ya skrini, na majumba yaliendelea kujaa.

Mleta mada
Majumba yenye viti vya kupanga, mkuu. Kibandani kwetu nusu ya wateja wamesimama nyuma ya kisogo cha mtu, maandishi ya chini watayaona wapi? Mwenye kibanda anitetee hapa.

Mwenye kibanda (mstaafu)
Kwa hilo la visogo nakutetea, benchi la mbele nililiuza bei juu kwa sababu hiyohiyo. Lakini ule mkanda wa mahakamani, hata waliokaa mbele waliondoka. Nijibu hilo kwanza.