Kikundi cha Nyumbani: Baraka na Rehema Wako Safarini

IJUMAA

Rehema 18:52
Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Wifi, za jioni? Tumeamua, kesho alfajiri tunaondoka. Tunalala ziwani usiku mmoja, Jumapili jioni tumerudi. Ni kilomita 310 kwenda. Watoto wanabaki kwa Mama kama tulivyoongea.

Mama 18:55
Marahaba mwanangu. Wameshafika hapa, mdogo amechagua upande wake wa kitanda.

Zawadi 18:57
Wifi nimefurahi mpaka basi! Tangu Neema azaliwe hamjawahi kutoka wawili peke yenu. Miaka 7 hiyo.

Mjomba 19:03
Marahaba. Baraka, gari umelikagua?

Baraka 19:06
Shikamoo Mjomba. Tangi limejaa, oili iko sawa, maji ya rejeta yapo. Matairi nimeyatazama, mazima.

Mjomba 19:11
Kutazama siyo kupima. Tairi linaweza kupungua upepo sana na jicho lisione. Kesho pima kabla hujawasha gari, likiwa baridi. Ukishatembea, hewa ya ndani inapata joto, kipimo kinapanda, unadhani upepo unatosha kumbe hautoshi. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko pale mlango wa dereva. Ile namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, usijaze kwa hiyo. Na la akiba?

Baraka 19:12
La akiba sijaligusa.

Mjomba 19:12
Litoe sasa hivi.

Baraka 19:48
Mjomba, asante. Lilikuwa karibu tupu. Nimeazima pampu kwa jirani, limejaa.

Mjomba 19:53
Hata likikaa tu, upepo unatoka kidogo kidogo. Nimeendesha malori miaka 31. Wengi niliowakuta wamekwama njiani tairi la akiba walikuwa nalo, ila halina upepo. Kutoka mji kama wetu, ukiacha kituo cha mafuta cha mwisho huna wa kumkimbilia.

Rehema 20:05
Mama, ratiba hii hapa usiwe na wasiwasi. Saa 11 tunatoka. Saa 3 asubuhi tuko njia panda, pale mtandao upo, nitaandika. Baada ya pale ni kimya mpaka ziwani, kama saa 7 mchana. Ikifika saa 9 hamjatusikia, hapo ndipo muanze kutuulizia. Njia ni moja tu, hatuchepuki. Ramani nimeshaipakua kwenye simu, itatuonyesha tulipo hata mtandao ukikata, maana inasoma satelaiti.

Mama 20:07
Nimeandika kwenye karatasi, nimebandika ukutani. Mungu awatangulie.

JUMAMOSI

Baraka 05:08
Tumetoka. Upepo nimepima matairi yote matano.

Rehema 08:54
Njia panda tumefika salama. Tumesimama robo saa tunyooshe miguu, sasa naendesha mimi. Tumepanga kupokezana kila baada ya saa 2, asiyeendesha asilale bali aongee na mwenzake. Jua limetoka upande wangu, vumbi lote la kioo linang'aa kama unga. Haya, tutaonana mchana.

Mama 13:20
Kimya?

Zawadi 13:22
Mama, wifi alisema kama saa 7. Ndiyo kwanza imepita kidogo.

Mama 13:44
Nimepiga kwa Baraka, haipatikani. Kwa Rehema, haipatikani.

Mjomba 13:50
Dada, haipatikani kwa kuwa huko hakuna mnara. Angalia karatasi yako ukutani, imeandikwa saa 9. Mimi niko karibu na simu. Ikigonga saa 9 napiga kwa madereva ninaowafahamu wa njia ile, wapo wawili wanaopita leo.

Zawadi 13:52
Mama nakuja hapo nikae na wewe na watoto.

Rehema 14:37
TUMEFIKA. Mama pole sana kwa kusubiri. Tulipata pancha kilomita 70 kabla ya ziwa, kwenye changarawe. Hakuna aliyeumia. Nitaeleza vizuri.

Mama 14:37
Asante Mungu.

Zawadi 14:38
Mama analia hapa, lakini ni kwa furaha. Pumzikeni.

Baraka 15:20
Mjomba, lile tairi la nyuma kushoto jiwe lilichana ubavuni. Nilihisi gari linavuta upande, sikukanyaga breki ghafla, nikaliachia lipungue mwendo lenyewe mpaka nikapata mahali tambarare. Shida ilikuwa nati. Tatu zilitoka, mbili ziligoma kabisa.

Mjomba 15:23
Ulizilegeza kabla ya kupiga jeki?

Baraka 15:26
Ndiyo, gurudumu likiwa bado chini, maana hewani lingezunguka tu. Niliingiza spana, Mama Neema akanishika bega, nikaisimamia kwa mguu nikatumia uzito wa mwili. Ya kwanza ikalia kama mlango wenye kutu, ikaachia. Ya pili ilitaka mara tatu.

Mjomba 15:28
Vizuri. Ulipozirudisha ulikaza kwa kuruka? Ukimaliza moja unakwenda ya upande wa pili, usifuatishe mzunguko. Na ukishatembea kilomita 50 hivi simama ukaze tena, huwa zinalegea.

Baraka 15:30
Nilisimama nikakaza. Moja ilikuwa imeachia kidogo kweli.

Rehema 21:12
Mmelala? Nataka kuandika kabla sijalala.

Wakati Baraka anatoa jeki chini ya kiti, ilitoka na soksi moja ya mdogo. Ile ya bluu tuliyoitafuta nyumba nzima. Aliishika, akainyoosha kwenye goti lake, akaikung'uta vumbi, akaiweka mfukoni. Halafu akachutama pale kwenye gurudumu akaanza kuniambia mambo ambayo hajawahi kuniambia. Kwamba mwaka ule alipokosa kazi alikuwa akiondoka asubuhi anakaa kwenye gari nyuma ya uwanja mpaka mchana, ili mimi nisione amerudi mapema. Mimi sikujua. Nilikuwa namshika bega ili asianguke kwenye spana na nimesikia maneno hayo.

Nyumbani tunaongea kuhusu ada, nani anamchukua mtoto, nani amefunga geti. Hata tukitaka kuongea mengine, mji wetu mdogo, kila dakika kuna mtu anabisha hodi. Leo kwa muda wa saa 9 na nusu tumekaa kiti kwa kiti, hakuna wa kubisha. Kuna maneno mtu anaweza kuyasema akiwa anatazama barabara, siyo akiwa anakutazama wewe.

Ziwa ni zuri. Lakini mimi naikumbuka zaidi ile changarawe.

Zawadi 21:20
Wifi umenifikisha mbali. Kaka, kwa nini hukutuambia? Tungekuwa na wewe.

Baraka 21:25
Niliona aibu. Samahani Zawadi. Samahani Mama.

Mama 21:31
Mwanangu, hakuna siku utakayokuja kwangu ukanikuta nimefunga mlango. Lala.

JUMAPILI

Rehema 15:14
Jamani, tumebakiza kilomita 60 kufika nyumbani, ila pale daraja la chini maji yamepita juu ya barabara. Huku hakujanyesha hata tone, ni mvua ya milimani. Nimepanda kilimani kupata mtandao. Baraka yuko chini anaangalia.

Mjomba 15:15
Msivuke.

Baraka 15:21
Mjomba, yanaonekana ya magotini tu. Lori moja limepita sasa hivi. Kesho saa 1 natakiwa kazini.

Mjomba 15:25
Lori ni zito na limeinuka. La kwako ni dogo. Maji yanayokwenda, hata ya sentimita 30 tu, yanaweza kuliinua gari dogo matairi yakaacha kushika chini. Yakifika 60 yanabeba karibu gari lolote, hata hayo ya porini. Na wewe unaona juu tu. Chini ya maji ya matope hujui kama barabara bado ipo au imeshaliwa. Nimewahi kusimama ukingoni nikaona gari la mwenzangu linageuka taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, halafu likaondoka. Yeye walimtoa. Msaidizi wake hapana. Siwezi kukuandikia zaidi ya hapo.

Mama 15:26
Baraka, umesikia.

Rehema 15:29
Amesikia. Amezima gari, amelirudisha juu mbali na ukingo. Tunakaa. Nimechomeka kijiti palepale maji yanapoishia. Tutakitazama.

Zawadi 15:31
Kazini kwako nitapita mimi asubuhi na mapema nikawaeleze kama hujafika. Usiwaze hilo, kaka.

Rehema 16:45
Kijiti kiko nchi kavu. Maji yamerudi hatua mbili.

Rehema 17:50
Hatua sita. Nguzo za pembeni zimetokeza. Baraka ameweka kichwa mapajani mwangu, amesinzia. Namwacha, maana usiku ataendesha.

Rehema 18:58
Barabara yote inaonekana. Tumeshuka tumeitembea kwa miguu mpaka ng'ambo tukiwa na tochi. Upande mmoja imemeguka, pale pale lori lilipopita, tungefuata njia yake tungeingia. Tunapita upande wa pili sasa.

Mjomba 19:00
Mkivuka, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke. Na giza limeingia, usizidi 60. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakula mita 28 kila sekunde, ng'ombe akitokea huna pa kusimamia. Fikeni saa yoyote.

Baraka 19:09
Tumevuka. Breki ziko sawa. Mjomba, nakushukuru sana.

Mama 20:40
Neema amekataa kulala. Anauliza kama mmemletea nini.

Rehema 20:58
Kokoto nyeupe za ziwani, nane. Na mwambie mdogo soksi yake imepatikana.

Baraka 21:22
Tumeingia mjini. Taa yako ya nje tunaiona, Mama.

Mama 21:23
Sukumeni mlango taratibu. Mmoja ameshasinzia mlangoni akiwasubiri.